Mwenyekiti wa Otonglo

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kikitetema jikoni kabla hakujapambazuka. Nilikuwa nimejisahau tena, nikapika uji wa watu wawili. Jirani yangu Benta alikuwa na mazoea ya kuja kunywa nami kabla ya maombi. Ilikuwa wiki ya tatu hajaja.

Mwaka ule wa 1973 tuliambiwa lazima kanisa letu liandikishwe serikalini. Tulikuwa watu arobaini tu pale Otonglo, watu wa kanzu nyeupe na ngoma. Fomu ilipokuja, mzee Joram aliijaza kwa mwandiko wake mzuri. Katibu: Joram. Mwenyekiti: Roho Mtakatifu. Hakuwa anafanya mzaha. Mbele ya kanisa letu kulikuwa na kiti kilichotandikwa kitambaa cheupe, na hakuna binadamu aliyekikalia hata siku moja.

Fomu ilirudishwa. Chifu akaja na kufuli.

"Huyu mwenyekiti wenu anakaa wapi?" akauliza. "Mkikosa, nitamkamata wapi?"

Askari wake wakacheka. Sisi hatukucheka.

Joram alikataa kuandika jina la mtu. Kila mmoja akaomba kwake kwa sauti ndogo. Mzee Amolo alipokufa, tulimzika bila ngoma, kama mtu asiye na wenzake. Baada ya mazishi hayo nikatembea hadi mjini, kwenye ofisi ya serikali.

Karani aliitwa Gichuki, kijana wa kutoka Nyeri. Alinipa kiti chake, yeye akasimama.

"Mama Dorca, wenzako wanajua umekuja?"

"Watajua."

Nikaandika jina langu penye mwenyekiti, pole pole. Hakunihimiza.

Kanisa likafunguliwa. Jumapili ile ngoma ililia nami nikalia. Nilipoketi, benchi likabaki langu peke yangu.

"Dorca," Joram akasema, "umemwondoa mwenye nyumba, ukaingia wewe."

"Mzee, ni karatasi tu. Kiti sijakigusa."

"Karatasi nayo Mungu anaisoma."

Benta alikuwa akitazama miguu yake. Apiyo, mke wa mpiga ngoma, alinisogezea kitabu cha nyimbo. Hilo sijalisahau.

Basi asubuhi ile ya uji wa watu wawili, jua lilipokuwa limepanda, baiskeli ilisimama uani. Alikuwa Gichuki, jasho likimtoka, ameleta cheti cha kanisa.

"Ningempa chifu," akasema, "lakini nilitaka ukipokee mwenyewe."

Nikampa viazi vitamu na chai. Alikula taratibu, kama mtu asiyetaka sahani iishe.

"Watu wa mjini wanakutendeaje?" nikamuuliza.

"Ofisini naitwa Bwana. Barabarani hawanioni, tangu zile fujo za mwaka wa sitini na tisa kati ya kabila lenu na letu."

"Na nyumbani kwenu?"

Akaweka kikombe chini. "Mwaka uo huo wazee wa kwetu walitaka nile kiapo cha siri cha kabila, cha kulinda serikali. Nikawaambia nimeshakunywa kikombe cha Bwana, kinatosha. Ndugu zangu hawaniandikii tena."

Nikamwongezea chai.

Alipoondoka nilimsindikiza hadi barabara ya Busia. Benta alikuwa akianika nguo zake. Alituona, akageukia upande mwingine.

"Bwana Gichuki," nikasema, "uje tena. Jumamosi nipo. Hata Jumatatu nipo. Uje hata kama hakuna karatasi."