Rimoti ya Mwalimu Rwegasira

Mwaka 1994, Mwalimu Rwegasira wa Buganguzi alikuwa amedhoofika kwa ukimwi hata akashindwa kuzungusha ufunguo wa gari lake. Akamwita Byabato, fundi umeme wa magari kutoka Bilele, amfungie rimoti ya kufungulia milango.

Byabato alifungua kava za milango, akapitisha nyaya mpya na kuunganisha mota za loki. Aliijaribu rimoti mara tatu, kisha akampelekea mwalimu kitandani, karibu na dirisha lililotazama gari.

Rwegasira alibonyeza. Kimya.

“Fundi, haifanyi kazi.”

Byabato aliona kidole kile hakina nguvu. Georgina, mke wa mwalimu, akakandamiza kidole cha mumewe kwa chake. Loki zikalia.

“Limefunguka, Baba Clotilda,” Georgina akamwambia mumewe.

“Na nani atanifikisha mlangoni?”

Georgina alitoka akilia. Jumamosi walimzika mwalimu.