Mnono na Mkondefu

Nimechoka jamani. Nimechoka kuokota vifaranga wa samaki waliokufa kwa kijiko cha chai, mgongo umepinda juu ya trei kule chini ya nyumba, huku mume wangu Hjalmar akinung'unika, "Labda ni maji." Maji! Si yaleyale ya mtoni siku zote?

Vuli iliyopita samoni majike wawili tu ndio waliorudi kwenye mto wetu kutoka baharini. Mmoja mnono, tumbo ndi! Mwingine mkondefu, pezi limechanika. Hjalmar alimbeba yule mnono kama mtoto mchanga. Hapa kijijini, tangu enzi za babu zake, samaki wa mbegu huchaguliwa kwa unono.

"Huyu ndiye mama," akasema. "Yule mifupa mitupu apikwe."

"Mrudishe mtoni, Hjalmar, akatage mwenyewe."

"Atage nini? Wewe nawe kwa huruma!"

Sikio la kufa halisikii dawa. Tukamla kwa viazi na siagi. Mayai yake nikayatia chumvi, nikayaweka kwenye friza. Ya mnono tukayarutubisha kwa mbegu za dume, tukayalea chini ya nyumba majira yote ya baridi, na Hjalmar akawa anashuka kuyachungulia kila asubuhi kabla hata ya kahawa.

Mei wakaanguliwa. Baada ya muda wakaanza kulala ubavu, wengine wakizunguka kama walevi. Walipozidi kufa nikamwita Ebba, binti wa jirani, anayefanya kazi kwenye kituo kikubwa cha kutotolesha samaki. Alikuja na dawa ya vitamini, akawaogesha, akangoja. Wapi! Akaketi juu ya ndoo.

"Mngeniita mapema, shangazi. Hawa wamekwisha."

"Lakini mama yao alinona!" Hjalmar akabisha.

"Ndiyo shida yenyewe, mjomba. Alinona kwa dagaa wa baharini. Wale wana mafuta mengi, na mafuta hayo yanamaliza vitamini B1 mwilini. Haikubaki ya kutia kwenye mayai. Mara nyingi aliyekonda ndiye salama. Hamkupata mwingine?"

Hjalmar akainama kufunga kamba za viatu vilivyokwisha kufungwa.

Jioni nilimwandalia mkate kama kawaida, nikaupaka siagi na mayai ya samaki kutoka kwenye friza, mekundu, manene. Nilikuwa nimeshamwekea mezani ndipo nikakumbuka ni ya nani. Hjalmar aliutazama ule mkate, akaisogeza sahani kando.

"Mto mzima huu, Alfhild," akasema. "Tumeupaka kwenye mkate."

Nilitaka kumwambia, si nilikwambia? Sikuwa na nguvu. Nikakaa karibu naye, na hakuna aliyekula.