Simu ya Amani Inataka Picha

Wakubwa walioleta simu ya amani walitukataza kupiga yowe. Eti yowe likilia vijana hukimbia na mapanga, wasio na kosa wakachinjwa. Ukiona hatari, bonyeza simu, polisi watajua. Mke wangu Swaleha ndiye aliyepewa, kwa kuwa alinishinda kusoma.

Wavamizi walipoingia shambani alfajiri, Swaleha alitii. Hakupiga yowe. Simu ikamuuliza kata, aina ya silaha, idadi ya mifugo. Mwisho ikataka picha, bila picha ujumbe hauendi. Akapiga. Taa ikamulika mahindini, wakamwona. Nilimkuta shingo inashikiliwa na ngozi tu.

Juzi mkubwa wa hao wa simu, Ubeid, akaja kwetu Tarasaa na simu mpya, na askari nyuma yake. Aliyechaguliwa kupokea ya kijiji chetu ni binti yangu Bushra.

"Tumeiboresha," akasema Ubeid. "Sasa ina ramani, hali ya hewa, na pa kutoa maoni."

"Ugali inapika?" akauliza jirani yangu Dinah. Watu wakacheka.

"Na picha?" nikauliza mimi.

"Picha ni lazima, mzee wangu. Bila ushahidi watu watatuma uongo."

Nikamkaba kola, nikamwekea shingoni panga langu la shamba.

"Umevamiwa. Omba msaada."

"Mzee, tafadhali..."

"Usiniombe mimi. Iombe simu!"

Akabonyeza. Vidole vikateleza, simu ikamrudisha mwanzo.

"Inataka kata," akasema, analia.

"Ijazie. Swaleha aliijazia."

"Imekataa! Inataka nianze upya!"

Nikakandamiza panga. Damu ikachuruzika hadi kwenye shati lake jeupe, suruali ikalowa mkojo.

"Bado picha. Piga, bwana mkubwa. Tabasamu."

"Baba, mwachie!" Bushra akalia. "Siichukui! Wallahi siichukui hiyo simu!"

Hapo nikalegeza mkono. Askari waliokuja na Ubeid wakanirukia. Rungu la kwanza likanivunja mkono, la pili likaninyima meno, na nilipoanguka wakaendelea kwa buti. Dinah akawa anawatukana mama zao.

Sasa niko rumande Garsen. Bushra aliniletea uji, nikanywea pembeni mwa mdomo. Ubeid ameshonwa, anapona.

"Picha wameiondoa?" nikamuuliza.

"Hawajaondoa, baba. Na ile simu wamempa mke wa jirani yetu Mwaringa."