Simu ya Shida

“Sasa kama simu ilikuwamo garini, mbona hakumpigia mtu?”

Jirani aliuliza swali hilo siku ya pili ya msiba, ameinamia sufuria, bila ubaya wowote moyoni. Ni swali ambalo mtu yeyote mwenye akili zake angeliuliza. Lakini kabla wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu hawajatia neno, mama mkwe, aliyekaa mkekani ameegemea ukuta, akalijibu bila kufumbua macho.

“Muulizeni aliyekuwa akiiwekea vocha.”

Kuanzia hapo mjane akapata jina: Mama Vocha. Mwanzo lilisemwa pembeni, kisha likasemwa mbele yake, mwisho watoto wadogo wa ukoo wakamwita hivyo kwa adabu kabisa, wakidhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Mama mkwe naye akaacha kupokea kitu kutoka mkononi mwake. Akimpelekea chai, chai inapoa. Akimpelekea maji, kiu imekwisha. Akimpigia simu, simu inalia mpaka inachoka. Miaka mitatu.

Na mwenyewe hakuwa na la kujitetea. Kuinunua ile vocha alikumbuka. Kuikwangua kwa ukucha pale mlangoni alikumbuka. Kuziingiza tarakimu, je? Hapo ndipo kichwa kilipogota. Alifungua mafundo ya kanga, akapindua mifuko ya aproni, akakung’uta godoro, akatafuta hata ndani ya kitabu cha sala, kana kwamba kile kikaratasi kingemwambia neno. Kila alfajiri alipopiga magoti alianza na maneno yale yale: Mola wangu, kama ni mimi, nisamehe, na kama si mimi, nionyeshe. Magoti yakaota sugu, na Mola akamnyamazia.

Marehemu alikuwa akisambaza mikate kwa pikapu, kutoka kwenye tanuri la mjini hadi maduka ya ng’ambo ya mlima. Alikuwa na pumu, na barabara ile ina kona ambazo mtu anaweza kukaa nusu siku asione gari. Ndiyo maana wakanunua simu ya kuweka garini. Siku ya kuinunua, mkewe aliipigia kwa simu yake ili waijaribu. Ikalia, mume akaikata papo hapo.

“Si uongee tusikie!” mkewe alimwambia.

“Tusikie nini, na wewe umesimama hapa? Imelia. Kinacholia ni kizima. Hii ni simu ya shida, mke wangu, haimsalimii mtu wala haiulizi watoto wameamkaje.”

Akamwonyesha mdogo wake ile simu kwa majigambo, ya rangi nyeusi, ina mstari wa buluu kuzunguka vitufe. Kisha akaifunga kwenye leso, akaitia kwenye kidroo cha gari. Ikakaa humo wiki sita bila kusema neno, mpaka asubuhi ile tairi lilipopasuka konani. Mzigo ulikuwa umejaa, na kifua hakikumruhusu kupiga jeki peke yake. Alikutwa saa nane mchana ameegemea gurudumu, kichupa cha dawa ya kuvuta kitupu mkononi. Simu haikuonekana. Mikate nayo haikuonekana.

Sasa pikapu ilikuwa imetolewa chini ya turubai, ikatengenezwa, na binti yao alikuwa aanze Jumatatu kupeleka mikate kwa barabara ile ile. Binti alikuwa na simu kubwa ya kisasa, ila kufika adhuhuri inakuwa imekwisha chaji. “Hutoki hapa bila simu ya shida,” mama alisema, na hakutaka mjadala.

Shemeji yake, yule mdogo wa marehemu, akajitolea kumsindikiza dukani. Alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa chini kabisa ya mlima ule. Hakuna mtu wa ukoo aliyekuwa karibu zaidi na zile kona. Kwamba namba yake ndiyo ingekuwa ya kwanza kwenye simu hiyo, hilo halikuhitaji hata kusemwa.

Duka lilikuwa chumba chembamba chenye meza ya kioo, na feni iliyogeuza kichwa huku na huku kama mtu anayekataa kitu.

“Karibu mama,” muuzaji alisema, binti mchangamfu aliyepandisha miwani kichwani. “Unataka ya kupiga picha au ya kupiga simu?”

“Ya kupiga simu, mwanangu. Picha ninayo, iko ukutani.”

Muuzaji akapanga tatu juu ya kioo. Mjane hakuzitazama rangi. Aliuliza betri inakaa siku ngapi bila kuguswa. Aliuliza kama inatoka, na kama tochi inawaka simu ikiwa imefungwa. Kisha akafumba macho, akazipapasa moja moja, aone kama kidole gumba kitakipata kitufe cha kwanza gizani.

“Shemeji,” seremala akacheka, “unachagua simu au unachagua mkwe?”

“Mkwe asiyefaa anarudishwa kwao. Simu ikigoma mlimani, nani ataishusha?”

“Sikiliza mama,” muuzaji alisema, “usiiweke mbele kwenye jua, betri itavimba. Iweke chini ya kiti. Na kila mwezi piga nayo kidogo, laini isiyotumika wanaifunga. Ukitaka ngumu kabisa, ninayo moja ya zamani. Ngoja.”

Akainama, akaibuka na simu nyeusi yenye mstari wa buluu kuzunguka vitufe. Mjane aliitambua kabla haijawekwa chini.

“Aa, hiyo hapana!” Shemeji aliisukuma kwa mgongo wa mkono. “Sauti yake mbovu hiyo. Unamsikia mtu kama yumo ndani ya pipa. Inakwaruza, inakata, unamwambia rudia, rudia, mpaka mkono unachoka sikioni.”

“Labda ile uliyokuwa nayo ilikuwa mbovu, mzee.”

“Mimi? Sijawahi kumiliki takataka hiyo.”

Kidole cha mjane kilikuwa bado juu ya kitufe. Hakukiondoa.

“Shemeji, ulimsikia nani kwenye simu hii?”

“Ah, watu tu. Wateja.”

“Simu ya anayekupigia haionekani sikioni. Ulijuaje ni ya aina hii?”

“Shemeji, si nimeshawahi kuiona...”

“Uliiona kwa nani?”

“Kwa kaka.”

“Na kaka yako aliongea nayo siku ngapi?”

Feni ikageuka upande wao, ikageuka upande wa pili. Muuzaji akaanza kufuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

“Alisema ni tairi,” seremala alikiambia kile kioo. “Tairi tu. Hakutaja kifua. Nilikuwa na kitanda cha watu, gundi nimeshaipaka, na gundi haimngoji mtu. Nikamwambia namaliza, naja. Nilipofika, watu walishajaa.”

“Kitanda ulikimaliza?”

“Nilikimaliza.”

Kitanda angeweza kukisamehe. Mtu aliyeambiwa tairi hawazi kaburi, na marehemu mwenyewe alikuwa mzito wa kusema anaumwa. Lakini mjane alimkumbuka shemeji yake siku ile ya vitunguu, amesimama mlangoni, maranda ya mbao bado yamo nyweleni mwake, akimsikia mama yake akisema muulizeni aliyekuwa akiiwekea vocha, naye akitazama viatu. Akamkumbuka pia kila sikukuu, yeye ndiye wa kwanza kutania: Mama Vocha, tukopeshe basi! Ukoo mzima ukicheka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na huyu alikuwa amemtwika wa kwake, kisha akatembea kando yake akipiga mluzi.

“Kwa hiyo vocha ilikuwamo,” alisema.

“Ilikuwamo.”

Neno lenyewe ndilo hilo. Magoti yake yalikuwa yamelingoja miaka mitatu, na lilikuja dogo, katikati ya chaja na makava ya plastiki.

Akaisogeza moja ya zile tatu, ya pili kutoka kushoto. “Nipe hii, mwanangu. Laini weka, na vocha uiingize mbele ya macho yangu.” Muuzaji akaingiza, na mjane akazifuata tarakimu moja moja kwa midomo.

“Namba ya kwanza niweke ya nani, mama? Ya mzee?”

“Weka ya jirani yangu.”

“Jirani hana gari,” seremala alisema.

“Ana miguu. Na huuliza.”

Seremala akasogea karibu, akashusha sauti. “Shemeji, mama ana presha. Nakuomba kwa jina la Mungu, usimwambie.”

“Simwambii.”

Seremala akashusha pumzi. Mjane akabonyeza namba ambayo hakuhitaji kuisoma popote, kwenye laini ambayo upande wa pili hakuna aliyeijua. Ikalia mara mbili. Akawasha spika, akailaza simu juu ya kioo, mbele ya shemeji yake.

“Utamwambia wewe.”

“Halo?” Sauti ya mama mkwe ilitoka safi, kana kwamba bibi kizee amekaa pale pale juu ya meza. “Halo, nani mwenzangu?”

Seremala aliitazama simu. Haikukwaruza, haikukata.

“Sema basi, nakusikia!”

Akachukua kofia yake juu ya kioo, akasukuma mlango, akatoka.