Kizimba cha Kibiriti

Mwalimu wa udereva alikiweka kizimba koridoni, kati ya mlango wa jikoni na wa choo, pale pale penye cherehani ya mkewe, kwa sababu kwingine kote, alisema, kungeleta usumbufu. Kilikuwa kizimba cha nondo nyembamba, cha kumtosha mbwa mmoja na hasira zake. Ndani akatandika gunia, juu akafunika shuka kuukuu, kisha akampigia makofi mtoto wa mbwa, aliyeitwa Kibiriti na ambaye wakati huo alikuwa anatafuna ndara ya mama wa mwalimu.

"Kazi ni kumzoesha tu," alimwambia mkewe, kwa sauti ile ile anayowaambia nayo wanafunzi wake waachie klachi polepole. "Unamtupia biskuti ndani. Akiingia, unamsifu. Unafunga mlango kidogo, unafungua. Na akilia, mke wangu, usimfungulie. Ngoja anyamaze. Ukimfungulia analia, umemfundisha kulia."

Akaingia ofisini kwake, akafunga mlango. Ofisi ilikuwa na kiti cha kulalia, redio na feni. Ilipokuwa ikijengwa iliitwa chumba cha kushonea, lakini jina hilo halikudumu.

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, aliinua miguu ili mama mkwe apite kwenda chooni, akaishusha, akatupa biskuti. Alikuwa na majoho ya kwaya ya kumaliza kabla ya Jumapili, na mwenyekiti wa kwaya alikwisha kumwambia wazi kwamba safari hii yakichelewa watatafuta fundi mwingine. Hilo lilimkosesha usingizi. Lakini kila aliyepita alimgonga kiwiko, na joho moja tayari lilikuwa na mkono unaoelekea mgongoni.

Kibiriti aliifuata biskuti ndani, na hakutoka. Fundi akamwita, akapiga mluzi, mwishowe akapiga magoti na kuingiza kichwa ili amvute. Kichwa kikapita, mabega yakapita, na kwa kuwa hakuna kilichomzuia akaendelea kutambaa mpaka akapata nafasi ya kusimama. Kilikuwa chumba cha kadiri, sakafu ya saruji iliyosuguliwa, na dirisha pana lililoingiza mwanga kutoka kushoto, upande anaoutaka mtu anayeshona. Katikati palikuwa na meza ndefu ya kukatia. Kibiriti alikuwa chini yake, anamalizia biskuti.

Fundi aliipima meza kwa shubiri, akaona inatosha. Akarudi koridoni kwa magoti, akaiingiza cherehani kwa kuilaza ubavu, maana mlango wa kizimba ulikuwa mdogo, akafuata majoho na uzi, akavuta komeo nyuma yake. Mchana kutwa alishona bila kuinua mguu hata mara moja. Alifurahi mpaka akacheka peke yake.

Jioni mama mkwe alipita koridoni, akanyoosha mikono yote miwili bila kugusa kitu.

"Leo pamekuwa papana," alisema. "Mkeo yuko wapi?"

"Yumo humu," alijibu mwanawe, aliyekuwa ameinama anachungulia chini ya shuka.

"Na chakula?"

Hilo ndilo lililokuwa limemtoa ofisini. Akatikisa nondo. "Mke wangu, jikoni hakuna hata sufuria motoni. Soksi zangu za kijivu sizioni. Mama anataka chai." Akangoja. "Mke wangu! Toka basi, mimi nimekinunua kwa ajili ya mbwa!"

Sauti ya Fundi ilitoka mbali kidogo, kama ya mtu aliye chumba cha pili.

"Unalia," alisema. "Nyamaza kwanza, nitafungua."

Mwalimu akageuka kumshtakia mama yake, lakini mama alisema naye alikuwa amemsikia asubuhi, na maneno yalikuwa ya kwake mwenyewe. Akakwaruza shuka. Akaguna. Akazunguka kizimba huku na huku, kisha akakaa chini, mgongo ukutani, kimya. Komeo likavutwa. Fundi akatoka, vipande vya uzi kichwani, akampa biskuti.

"Vizuri sana," alimwambia.

Mwalimu akaila.

Jumapili kwaya iliimba ikiwa na mikono yake yote mahali pake, na mwenyekiti akaleta kazi nyingine. Kibiriti hakutaka tena kizimba. Alijizoesha mwenyewe kwenye kile kiti cha ofisini, mbele ya feni, na huko hakuna aliyemwita atoke. Mwalimu ndiye aliyefunzika haraka. Baada ya muda hakuhitaji hata kuambiwa.

Katika dirisha la chumba kile jua halizami, kwa hiyo Fundi huijua jioni kwa masikio. Kelele zikikatika koridoni, anakunja kazi, anafungua komeo, anatoka kwa magoti. Anawakuta sakafuni bega kwa bega, mumewe, mama mkwe na Kibiriti, wametulia, wanamtazama kwa macho ya upole. Kila mmoja ana sahani yake mbele yake, tupu. Nyuma yao jikoni ni giza.

Fundi anawasifu mmoja mmoja, anawagawia biskuti, kisha anafunga aproni na kwenda kuwasha jiko.