Hispania Yataka Mbuzi

Kitufe cha kutafutia stesheni kilivunjika zamani, kabla Mzungu mmoja hajamuuzia Gabow redio yake, kwa hiyo dukani kwake Emali watu walisikiliza Hispania, wapende wasipende. Kila magharibi Gabow aliiunganisha na betri ya lori lake. Ikakohoa, ikapiga miluzi, kisha mwanamume mmoja mwenye furaha nyingi akaanza kumwaga Kihispania kama anayenadi ng'ombe.

Mfasiri alikuwa Ndolo. Aliwahi kupika chai melini mwaka mmoja huko Mombasa, na hilo liliwatosha watu wote, hasa Chifu Kiema, aliyempa kiti chenye mgongo na kumnong'oneza kidogo kabla habari hazijaanza.

"Wanasemaje?" chifu akauliza.

"Wanasema barabara ifyekwe."

Ikafyekwa. Wiki iliyofuata Hispania ilitaka chifu achimbiwe choo kipya. Watu walishangaa nchi ya mbali hivyo ilijuaje choo cha chifu, lakini walichimba.

Kisha Hispania ikataka mbuzi. Kila nyumba mmoja, Jumamosi, mbele ya duka.

Nzilani alikuwa na mbuzi mmoja tu. Maziwa yake mwenyewe yalikauka alipougua homa, na Muthoki, bintiye wa miezi mitano, aliishi kwa maziwa ya mbuzi huyo, kijiko kwa kijiko. Mbuzi akienda, Muthoki angekula nini?

Usiku huo hakulala. Alifungua daftari lake. Mwalimu wa darasa la jioni kule misheni aliwaambia waandike chochote wanachosikia, mradi mkono uzoee, na Nzilani, akipita dukani kurudi nyumbani, alikuwa akiandika redio. Kengele mbili, mwanamke anaimba: *habon, habon, parasu piel*. Akafunua kurasa. Siku ya barabara, maneno hayo. Siku ya choo, hayo hayo. Siku ya mbuzi, hata herufi haikusogea. Miaka mingi baadaye karani wa stesheni ya reli aliyewahi kujifunza Kihispania alimwambia lilikuwa tangazo la sabuni ya kuogea. Wakati huo alichojua ni kwamba halibadiliki.

Jumamosi alifika dukani, Muthoki mgongoni, kamba ya mbuzi mkononi. Kengele zilipolia tu, alisimama akaimba. Redio ikamfuata neno kwa neno, kama mtoto anayemfuatisha mwalimu. Gabow akaacha sukari imwagike.

"Aiya!" akasema Mbula, jirani wa Nzilani. "Mama Muthoki anakijua Kihispania!"

"Sikijui. Nimeandika tu. Ni maneno yale yale kila siku! Hata siku ya choo. Ndolo hajui kitu."

Watu wakacheka.

"Umeiimba kabla haijasema, halafu hukijui?" Mbula akamwambia. "Wacha kuturingia, wewe."

Chifu Kiema akanyoosha mkono. "Kama unakijua, fasiri. Kama hukijui, lete kamba."

Ukweli alikuwa ameshausema, na hakuna aliyeutaka. Mgongoni Muthoki alikuwa akinyonya pindo la leso.

"Inasema," Nzilani akaanza, "mama mwenye mtoto mchanga asichukuliwe mbuzi wa maziwa. Inasema chifu wa Emali ana huruma sana, hata huko wamesikia."

Chifu akamgeukia Ndolo. "Ni kweli?"

Ndolo akaitazama redio. Akikana, angeulizwa maneno hayo yalimaanisha nini siku ya choo.

"Ni kweli, mzee. Hapo kwenye huruma nilikuwa bado sijafika."

"Hispania nzima wamesikia?"

"Nzima, mzee."

Chifu akavuta koti lake likae sawa. "Mwacheni mama aende na mbuzi wake."

Asubuhi Nzilani alikuwa akikamua aliposikia hodi. Alikuwa Mbula na wanawake wanne, kila mmoja na mtoto mgongoni.

"Mama Muthoki, mpenzi, jioni utusikilizie na sisi. Mbuzi wetu wako kwa chifu."

Nzilani akafuta mikono, akaleta daftari ayaandike majina ya watoto. Alipofika kwa wa mwisho, kalamu ikasita. Miguu ya mtoto huyo ilikuwa ikiburutika chini, na mdomoni alikuwa akitafuna muwa.

"Na huyu naye ni mchanga?"

"Anayetaka kujua ni nani," Mbula akauliza, "ni wewe au ni Hispania?"