Mwanandani wa Mzee Boga

Wivu wa Jaafar ulianza na paja la kuku. Kabla ya hapo alikuwa mtu mwema, au tuseme wema wake ulikuwa haujapata mtihani.

Pale Ukunda, vijana wa msikiti na vijana wa kanisa la jirani walikuwa wameunda kikundi wakakiita Jembe Moja. Jumamosi walizibua mitaro ya soko. Akifiwa mtu, awe Mwislamu awe Mkristo, walikwenda wote kuchimba kaburi. Bingwa wa makaburi alikuwa Jaafar, fundi seremala. Kwa miaka sita hakuna aliyezikwa mtaani bila jembe lake kutangulia, na masikio yake yalikuwa yamezoea kusifiwa kama mbuzi alivyozoea chumvi.

Kisha akaja Samuel Mwinga, kibarua wa mjengo, mzaliwa wa bara ya Kinango. Kule mtu hujifunza kuchimba kabla ya kutembea, maana maji yako chini na hayana haja ya kupanda kukutafuta. Samuel alichimba kwa nusu ya muda wa Jaafar, kuta zake zikanyooka kama zimepigwa randa. Tena hakujisifu, jambo ambalo Jaafar aliliona ni ufidhuli mkubwa zaidi.

Siku kikundi kilipofuturu pamoja, mama yake Jaafar, Bi Yusra, ndiye aliyepakua. Jaafar akanyoosha sahani. Paja la kuku likapita juu yake kama ndege ya watalii, likatua kwa Samuel.

"Kula, mwanangu. Wewe wachoka."

"Na mimi, mama?"

"Si una shingo hapo? Shingo nayo ina utamu wake."

Ijumaa iliyofuata Maalim Iddi akamtaja Samuel kwenye hotuba, kwamba yule kijana wa kanisani anawazika Waislamu kwa mapenzi kuliko wengine wenye kofia. Jaafar alikuwa safu ya mbele, na kofia alikuwa ameivaa.

Kilichomfariji ni kimoja. Kaburi la Kiislamu lina mwanandani, ule mfuko unaochimbwa ubavuni, upande wa kibla, ambamo maiti hulazwa. Samuel hakuujua. Alipouliza kibla ni wapi, Jaafar hakutaka kumpa siri zote za kazi.

"Ukiingia langoni, mkono wako wa kushoto. Basi."

Samuel akashika hivyo hivyo, na mara tatu akachimba sawasawa.

Jumatano moja Mzee Boga akafariki. Alikuwa fundi viatu pale steji. Alishona makubadhi ya Maalim na viatu vya mchungaji, akiwatania wote wawili kwamba njia ya peponi ina mawe, kwa hiyo waje na soli nzima. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, lango la makaburini likajaa maji ya magoti. Wachimbaji wakazunguka, wakaingia kwa nyuma, upande wa uwanja wa mpira. Jaafar alibaki karakanani akikata mbao za kuzibia mwanandani.

Alipofika na mkokoteni wake, adhuhuri ilikuwa imekaribia. Wengine walikuwa wamekwenda kuoga. Samuel alikuwa peke yake shimoni, akifuta jasho kwa kiwiko cha mkono.

Jaafar akachungulia. Mwanandani ulikuwa mzuri, laini kama ukuta wa hoteli ya Diani. Na ulikuwa upande usio wake. Samuel ameingia kwa nyuma, akafuata mkono wa kushoto ule ule. Atakayelazwa humo ataipa kibla kisogo hadi Kiyama.

Furaha ikampanda Jaafar kama soda iliyotikiswa. Akaona yote kwa mpigo: jeneza linafika, Maalim anachungulia, watu wanashika vichwa. "Nani amechimba hivi?" Na paja la kuku linarudi kwa mwenyewe.

"Kaka Jaafar, nitazamie. Kuna kasoro?"

"Umechimba vizuri," Jaafar akasema. Ilikuwa kweli, ndiyo maana ilimuuma.

Akaanza kupanga mbao, polepole, kama mtu asiye na neno duniani. Sisemi uongo, akajiambia. Nimenyamaza tu, na kunyamaza ni heshima ya makaburini.

Adhana ikatoka. Samuel akapanda juu, akakaa ukingoni, akanyoosha mguu.

"Soli hii aliniwekea Mzee Boga. Niliwaambia wenzangu waende, mwanandani niuchimbe mwenyewe. Nimetaka alale pazuri."

Jaafar akaitazama ile soli. Imeshonwa kwa uzi mnene, mishono miwili miwili, kama alivyoshona viatu vya shule vya Jaafar tangu darasa la pili. Katika hesabu yake yote, Samuel alikuwemo, Maalim alikuwemo, hata mama na kuku wake walikuwemo. Mzee Boga hakuwemo.

Akaruka shimoni na kanzu yake.

"Kibla ni huku! Lete jembe!"

"Si mkono wa kushoto?"

"Wa kushoto ukiingia langoni! Leo umeingia kwa nyuma kama mwizi wa nazi!"

Samuel akashuka, uso umemsawijika. Wakachimba bega kwa bega, udongo wa upande mpya wakiushindilia katika tundu la zamani ili ukuta usije ukaporomoka.

"Umefika zamani," Samuel akasema akihema. "Ukaona. Mbona hukusema?"

"Chimba."

"Kaka."

"Nakuonea wivu! Haya, chimba."

"Wivu wa nini? Wa kaburi?"

"Wa paja la kuku."

Samuel akasimamisha jembe. "Lilikuwa kavu, wallahi," akasema, yeye Mkristo, na Jaafar akashindwa kujizuia kucheka.

Tahlili zikasikika. Jeneza likafika juu ya mabega, na kaburi halijawa tayari. Maalim Iddi akachungulia, akaona kanzu imegeuka rangi ya matofali.

"Kuna nini humo?"

Samuel akafungua mdomo. Jaafar akamtangulia.

"Kosa ni langu, Maalim. Nilimfundisha mkono, sikumfundisha kibla. Kisha nikaliona kosa, nikanyamaza ili aaibike yeye."

Waliobeba wakabadilishana mabega juani, na hilo ndilo lililomchoma Jaafar kuliko maneno.

"Malizeni," Maalim akasema. "Mzee Boga alizoea kungojea watu wavue viatu. Atangoja."

Walipomaliza, Samuel akapanda. Maalim akamshika mkono mbele ya umma wote.

"Kuanzia leo, atakayewafundisha vijana wote namna ya kutafuta kibla makaburini ni huyu. Aliyekosea mara moja hasahau."

Watu wakaitikia. Huko chini wivu ukamuuma Jaafar upya, na safari hii hakuwa na wa kumlaumu. Akanyoosha mikono, akampokea Mzee Boga, akamlaza ubavu wa kulia, uso kibla. Kisha akaomba mbao, moja baada ya moja, na muda wote huo hakuinua macho kuona watu wanamtazama nani.